Mtaa Umebanana, Ugonjwa Umeingia: Anzia Chooni

Mwenyekiti mwenzangu wa mtaa uliyekabidhiwa mhuri baada ya uchaguzi wa Novemba 2024, hongera. Mimi nilichaguliwa Novemba 2019, hapa Mbeya, upande wa Mwanjelwa. Kiti hakijapata joto, Machi 16, 2020 akatangazwa mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, kule Arusha. Kesho yake shule zikafungwa, watoto wakarudi kwenye nyumba za kupanga, chumba kimoja familia nzima. Nikapita na kipaza sauti nikiwaambia watu wakae mbalimbali. Bibi mmoja akaniuliza: "Mwanangu, mbali wapi? Juu ya dari?"

Kwa hiyo ugonjwa wa kuambukiza ukiingia mtaani kwako, kipaza sauti kiache kwanza. Chukua daftari, ita wajumbe wako, piteni nyumba kwa nyumba. Andika vyumba vingapi, watu wangapi, choo kimoja kinatumiwa na kaya ngapi, maji wanachota wapi, mzee gani anaishi peke yake, na namba ya simu ya mtu mmoja kila nyumba. Nenda jioni, mchana wote wako sokoni.

Halafu vyoo. Mwaka 2003, ugonjwa wa mapafu wa SARS ulipoingia Hong Kong, kwenye maghorofa ya Amoy Gardens waliugua watu zaidi ya 300. Uchunguzi ulitaja mabomba ya maji machafu: yale maji yanayobaki kwenye kona ya bomba la sakafuni na kuzuia hewa ya chini yalikuwa yamekauka, uchafu ukapanda hadi bafuni kwa watu. Hao wana maghorofa. Sisi choo kimoja kaya sita, na kitasa kinashikwa na kila mkono.

Kila choo kiwe na kibuyu chirizi: dumu la lita 5, tundu la msumari, kamba, na kijiti cha kukanyaga ili mkono usiguse dumu. Sabuni itobolewe ifungwe kamba. Ya kwetu ya kwanza haikulala. Zamu ya kudeki iandikwe ukutani, na wanaume wamo. Ila kuna jambo sikulitegemea: Juni. Unaijua baridi yetu ya alfajiri. Watu walikuwa wanakanyaga kijiti, maji yanamwagika, mikono imo mfukoni! Tulipona pale mama lishe mmoja alipokubali kutuchemshia sufuria kila asubuhi, nasi tukamnunulia mkaa.

Mgonjwa akipatikana, wewe si daktari wala polisi. Mpigie afisa afya wa kata, au 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya. Jina lake lisitajwe mkutanoni.

Kumtenga ndiko kugumu. Dharavi, mtaa wa Mumbai, India, wenye ukubwa wa kilomita za mraba 2 na kidogo, unakadiriwa kuwa na watu karibu milioni moja. Ugonjwa ulipoingia huko Aprili 2020, manispaa haikungoja wagonjwa waje. Iliwafuata mlangoni pamoja na madaktari wa zahanati binafsi za humo humo, ikawahamishia kwenye shule na uwanja wa michezo, ikawalisha. Hilo la kulisha ndilo lililonishinda mimi. Kijana wetu wa bajaji alikubali kukaa ndani, tukachanga unga na maharage. Siku ya nne kila mtu alidhani ni zamu ya mwenzake. Saa sita mchana kaonekana kituoni Kabwe, anapakia abiria. Sikumlaumu. Orodha yako ya chakula iwe na siku, jina na sahani, na ongea mapema na mtendaji wa kata ujue ni jengo gani litatumika.

Msiba usijaribu kuufuta. Huku kwetu utafutwa wewe. Wawahi wazee wa ukoo kabla turubai halijafungwa, uombe siku zipunguzwe, pole itolewe kwa mkono kifuani, mchango upite kwenye simu, na chakula apakue mtu mmoja. Nenda na mzee anayeheshimika kuliko wewe. Mimi nilienda peke yangu mara ya kwanza, nikapewa kiti, nikapewa chai, na maturubai yakaongezwa.

Daftari langu liko ofisini, kabati la chini. Namba nyingi za simu zitakuwa zimebadilika, lakini hesabu ya vyoo bado ni ile ile.