Kuchonga sproketi ya nyuma ya Honda CG125 ya zamani na kuifunga ikae sawa

Mwenye Honda CG125 ya zamani mjini Moshi hapati taabu kubwa na sproketi ya mbele, yaani gurudumu la meno linaloshika cheni, kwa sababu injini za bodaboda nyingi za Kichina zilinakiliwa kutoka kwenye injini hiyo iliyotoka mwaka 1976, na sproketi yao ndogo mara nyingi huingia kwenye shafti bila ubishi. Taabu iko nyuma. Sproketi za dukani zina meno yanayofaa, lakini tundu la katikati na nafasi za bolti havioani na habu (kitovu cha gurudumu) ya zamani, na anayejaribu kutanua matundu kwa tupa huishia na sproketi inayoyumba. Ni nafuu kuchonga mpya, ilimradi vipimo vichukuliwe kwenye habu yenyewe na si kwenye sproketi iliyochakaa.

Anza na cheni. Pikipiki hii hutumia cheni namba 428, ambayo umbali wake kutoka pini hadi pini ni milimita 12.7 na rola yake ina kipenyo cha milimita 8.5. Ivute cheni inyooke juu ya meza, kisha pima nafasi 20. Cheni mpya hutoa milimita 254, na ikifika 259 usiifunge tena, maana cheni iliyorefuka huyala meno mapya kwa muda mfupi.

Kisha vua gurudumu, safisha habu kwa mafuta ya taa, na upime kwa venia, ile rula ya chuma yenye taya, kile kitako cha duara ambacho sproketi hukalia. Hicho ndicho kinachoiweka sproketi katikati. Bolti kazi yake ni kuishika tu. Mwambie fundi wa kukereza aache tundu la katikati liingie kwa kusukumwa na kiganja, bila nyundo na bila kucheza. Kwa bolti 4, pima kutoka ukingo wa kushoto wa tundu moja hadi ukingo wa kushoto wa tundu linalolikabili, nawe utapata umbali wa kati kwa kati bila kukisia.

Idadi ya meno hutegemea njia unazopita. Ukiwa na meno 15 mbele na 42 nyuma, gurudumu huzunguka mara moja kwa kila mizunguko 2.8 ya shafti yenye sproketi ya mbele, uwiano unaotosha barabara ya lami kuelekea Arusha. Ukiweka 14 mbele, uwiano unakuwa 3.0 na pikipiki hupanda Kibosho au Marangu ikiwa na abiria bila kulia sana. Kwa hiyo ninachonga 42 nyuma na kubadilisha ile ndogo ya mbele, ambayo ni rahisi kuipata.

Kipenyo cha duara linalopita katikati ya rola hupatikana kwa kugawa 12.7 kwa sine ya nyuzi 180 zilizogawanywa kwa idadi ya meno. Kwa meno 42 jibu ni milimita 169.9. Kipenyo cha mabondeni, yaani chini kabisa katikati ya meno, ni 161.4, na cha nje ni kama 177. Mwandikie fundi namba hizi tatu kwenye karatasi, pamoja na unene wa meno, ambao ni milimita 7 hivi ili upite kwa raha katikati ya sahani za cheni.

Hapa ndipo nilipoharibu kazi yangu ya kwanza. Niligawa duara kwa bikari, nikihama jino hadi jino, nikaona alama zimependeza. Kosa la sehemu moja ya kumi ya milimita halionekani kwa macho, lakini likirudiwa mara 42 linakuwa milimita 4.2, na cheni yangu ilikuwa ikipanda juu ya meno kila ilipofika mahali pale pale. Tafuta karakana yenye kichwa cha kugawanya duara. Kwa kichwa cha uwiano wa 40 kwa 1, ambacho mpini wake huzungushwa mara 40 ili kazi izunguke mara moja, kila jino ni kuusogeza mpini matundu 20 kwenye duara la matundu 21 la sahani yake. Toboa kwanza matundu 42 ya milimita 8.7 juu ya lile duara la 169.9, hayo ndiyo mabonde. Baada ya hapo chuma kilicho kati ya jino na jino hukatwa, meno hulainishwa kwa tupa, na pembe zake hupunguzwa pande zote mbili.

Chuma kiwe cha kaboni ya wastani, kama C45. Bati la kawaida la geti huchongeka upesi na kulika upesi vilevile. Meno yapashwe moto kwa gesi, machache machache, hadi sumaku iliyofungwa kwenye waya ikatae kuyanasa, jambo linalotokea karibu na nyuzi 770; ongeza moto kidogo, kisha zamisha kwenye oili. Yasugue kwa msasa yang'ae, uyapashe tena polepole mpaka rangi ya majani makavu itokee, la sivyo yatakuwa magumu lakini ya kuvunjika.

Wakati wa kufunga, kagua kwanza raba za habu, kisha kaza bolti kwa mkingamo na ukunje masikio ya washa. Weka rula ndefu iliyonyooka kwenye uso wa sproketi ya nyuma, ielekee ya mbele. Ikiwa zimepishana, kerezesha washa ya unene unaotakiwa. Usijaribu kuficha kosa kwa kupinda gurudumu. Alama za kurekebishia ekseli kwenye pikipiki za umri huu siziamini, hivyo ninapima pande zote mbili kutoka bolti ya egemeo la swingamu (mikono inayoshika gurudumu la nyuma) hadi katikati ya ekseli.

Klipu ya kiungo cha cheni ifungwe upande wake uliozibwa ukitangulia kule cheni inakokwenda. Zungusha gurudumu taratibu, tafuta mahali cheni inapokaza zaidi, na urekebishe ulegevu ukiwa hapo, milimita 20 hivi katikati ya cheni ya chini. Baada ya kilomita 50 kaza bolti upya na uyatazame meno: mng'aro ukiwa upande mmoja tu, rudi kwenye ile rula.