Tochi ya betri moja au ya betri nyingi: ipi itafika asubuhi?

Ukiulizia Kariakoo tochi inayokaa na chaji, mara nyingi utaonyeshwa yenye betri nyingi. Wingi wa betri peke yake hausemi kitu. Angalia wati-saa zilizomo, yaani kiasi cha nishati iliyohifadhiwa, na wati ambazo taa inakula.

Zidisha volti kwa mAh (miliampea-saa, ujazo ulioandikwa kwenye betri), kisha gawa kwa 1,000. Betri ya lithiamu ya 18650 (namba ya ukubwa wake) ina volti 3.6, ikiwa ya mAh 3,000 unapata wati-saa 10.8. Toa kama asilimia 12 inayopotea kwenye saketi, halafu gawa kwa wati. Taa nzuri ya LED ikila wati 1 hutoa lumeni 100 hivi, kwa hiyo betri hiyo itawaka saa tisa na nusu. Mlinzi aliyeingia zamu saa 12 jioni itamzimikia saa 9 na nusu usiku. Betri moja ya 21700, ambayo ni kubwa kidogo, yenye mAh 5,000 itamfikisha asubuhi na chaji ikabaki.

Kabla ya kununua kubwa zaidi, punguza mwanga. Ukishusha hadi nusu wati, muda unakaribia kuongezeka maradufu. Umeme ukikatika nyumbani, simamisha tochi ielekee dari jeupe. Lumeni 40 zinatosha watu kula na kuonana.

Kwenye tochi ya betri nyingi, uliza zimeungwaje. Zikiwa mfululizo, volti zinajumlishwa lakini mAh inabaki ileile; zikiwa sambamba, ni kinyume chake. Betri mbili za mAh 3,000 ni wati-saa 21.6 kwa vyovyote, kwa hiyo usikubali kuuziwa “volti 7.2 na mAh 6,000” kwa pamoja. Mfululizo unafaa anayehitaji mwanga mkali kwa muda mrefu, kwa kuwa volti hubaki juu sana ya zile 3 hivi ambazo LED inahitaji. Tochi ya betri moja yenye saketi rahisi hufifia kadiri chaji inavyoshuka.

Hatari ya mfululizo ni betri dhaifu. Ikiisha kwanza, zile nyingine huendelea kusukuma umeme ndani yake kinyumenyume. Hupata moto, hutoa gesi, na inaweza kupasuka. Nunua zinazofanana, ziandike alama, zitumie na kuzichaji pamoja daima. Zipime kwa multimita (kipimo cha volti) kabla ya kuziweka: iliyojaa husoma volti 4.2, na zikipishana kwa zaidi ya 0.05 usizichanganye. Zilizoungwa sambamba pia zipime, maana iliyojaa humwaga umeme kwa kasi kwenye iliyopungua mara tu unapokaza kifuniko.

Tochi za AAA tatu ziache: zote kwa pamoja hazifikii nusu ya 18650 moja.

Sasa feki. 18650 iliyoandikwa mAh 9,900 ni uongo mtupu. Nzuri za kawaida huishia karibu 3,500. Ipime kwenye mizani: halisi ina gramu 45 hadi 50, na ikiwa chini ya 40 irudishe.

Kwa matumizi mengi ya Dar tungechagua tochi ya 21700 moja na betri ya akiba, ambayo ni gramu 70 tu. Akiba ikae kwenye kikasha cha plastiki, si mfukoni na funguo au sarafu. Vyuma vikigusa ncha zake mbili, inaungua. Hewa ya chumvi hufubaza springi na nyuzi za kifuniko, kwa hiyo mwanga ukianza kupepesa, zifute kwa pamba yenye spiriti kabla ya kulaumu betri.