Namna ya Kusoma Nyaraka za Familia Iliyomiliki Mashamba ya Miwa Jamaica

Wewe unayesoma historia hapa Tabora, mji ambao misafara ya pembe na ya watumwa iliupitia kwenda pwani, ukizipata mtandaoni barua na hati za mirathi za familia ya Uingereza iliyokuwa na mashamba ya miwa Jamaica, usianze na barua. Barua hizo mwenye shamba na wakala wake waliandikiana wao kwa wao, na ndani yake utakuta bei ya sukari, madeni na mvua, huku waliokata miwa wakitajwa kama hesabu tu. Anza na orodha ya mali iliyoandikwa mwenye shamba alipofariki, kwa sababu humo watu wametajwa mmoja mmoja kwa jina na kwa bei, karibu na nyumbu na ng'ombe.

Nakili majina yote kama yalivyo, wala usiyasahihishe. Cuffee ni Kofi, jina ambalo Waakani wa Ghana humpa mtoto wa kiume aliyezaliwa Ijumaa, yaani Juma wetu. Naye Phibba ni Mwanajuma. Karani aliyedhani Phibba ni Phoebe alifuta asili ya mtu kwa herufi chache, na ukimfuata nawe utaifuta mara ya pili.

Kisha linganisha orodha yako na rejista za watumwa za Jamaica, zilizoanza mwaka 1817 na kurudiwa kila baada ya miaka 3 hadi 1832, ambazo nakala zake zimo katika hifadhi ya taifa ya Uingereza huko Kew. Rejista hutaja umri, vizazi na vifo, na mara nyingi jina la mama, nalo ndilo litakaloziunganisha familia. Jina likitoweka, usiamini haraka kwamba mtu amekufa, maana wengi walipewa jina jipya walipobatizwa.

Sasa rudi kwenye barua. Barua moja ilipelekwa mara nyingi kwa nakala mbili katika meli tofauti, basi usihesabu tukio moja mara mbili. Bei nazo zihakiki, kwani pauni 140 za Jamaica zilikuwa sawa na pauni 100 za Uingereza.

Mwisho, tafuta jina la mmiliki katika hifadhidata ya chuo kikuu cha University College London (UCL), isiyo na malipo, inayoonyesha nani alidai fungu katika fidia ya pauni milioni 20 kwa wamiliki wa watumwa, iliyopitishwa mwaka 1833 pamoja na sheria ya kukomesha utumwa. Kiasi alicholipwa kiandike pembeni mwa majina uliyoyanakili, kwa sababu wao hawakulipwa chochote.