Namna ya Kuchagua Mikono ya Vitasa Itakayodumu Nyumbani

Mkono wa kitasa huguswa na kila mtu aliyemo nyumbani, na katika familia yenye watoto mlango wa jikoni au wa choo hufunguliwa na kufungwa mchana kutwa. Hata hivyo, wanunuzi wengi hutazama rangi na mng'ao tu, ilhali mikono mingi huanza kuharibika ndani kabla ya kuchakaa usoni: springi huchoka mkono ukabaki umening'inia, au skrubu hulegea na bamba linaloushikiza mkono mlangoni likaanza kucheza. Kwa hiyo, ukiwa dukani, ugeuze mkono kwanza uukague mgongoni.

Hapo mgongoni tafuta springi. Mkono wenye springi yake ndani ya bamba hautegemei ile ya kitasa kilichomo mlangoni peke yake, hivyo kitasa chenyewe nacho huchelewa kuchoka. Ubonyeze hadi mwisho kisha uuachie taratibu. Unapaswa kurudi wenyewe hadi usawa wake bila kusita wala kukwaruza. Baada ya hapo angalia unavyofungwa. Mikono inayofungwa kwa skrubu fupi za mbao hulegea mapema, hasa kwenye milango yenye uwazi ndani, kwa kuwa skrubu hizo hushika ubao mwembamba wa juu tu. Ile inayofungwa kwa bolti mbili ndefu, zinazopenya mlango na kuyabana mabamba ya pande zote mbili kwa pamoja, huvumilia hata mtoto anayependa kuuning'inia. Kama ningelazimika kuchagua kati ya metali bora na bolti za kupenya, ningechukua bolti.

Kuhusu metali, chuma cha pua (stainless steel) cha daraja la 304 kinatosha kwa milango ya ndani, nacho hakihitaji kupakwa wala kung'arishwa. Kwa mlango wa nje ulio karibu na bahari ni afadhali daraja la 316, ambalo limeongezwa metali iitwayo molibdeni na hivyo hustahimili zaidi hewa ya chumvi. Shaba ya njano iliyo nzito hudumu sana pia, lakini isipopakwa kinga hufifia na kudai kung'arishwa mara kwa mara, kazi ambayo familia yenye shughuli nyingi haina nafasi nayo. Mikono mingi ya bei nafuu ni zinki iliyopakwa kromu: inafaa chumbani, ila mpako ukishachubuka na unyevu ukaingia, huanza kuvimba na kubanduka. Sumaku husaidia kwa kiasi tu. Ikinata kwa nguvu, metali hiyo si ya daraja la 304. Isiponata, bado huna hakika, kwani zinki, shaba na alumini nazo hazivutwi na sumaku. Uzito nao si ushahidi kamili, maana mikono mingi mizuri ya chuma cha pua imetengenezwa kwa bomba.

Kama kifungashio kinataja EN 1906, kiwango cha Ulaya cha ubora wa mikono ya milango, soma tarakimu za msimbo wake. Tarakimu ya pili ikiwa 6, mkono umejaribiwa kwa mizunguko 100,000, yaani kubonyezwa na kuachiwa mara hizo. Ikiwa 7, mizunguko 200,000. Mlango unaofunguliwa mara 30 kwa siku hutimiza takribani mizunguko 11,000 kwa mwaka, kwa hiyo tofauti ya tarakimu hizo mbili ni kubwa kwa milango inayotumika sana.

Kwa umbo, mkono wa kubonyeza ni bora kuliko ule wa duara wa kuzungusha, kwa sababu mzee mwenye maumivu ya viungo, au mtu aliyebeba vitu mikononi, anaweza kuufungua hata kwa kiwiko. Chagua ule ambao ncha yake imepinda kuelekea mlangoni, usije ukanasa mikono ya nguo au kamba za mikoba. Mlango wa choo uwe na komeo linaloweza kufunguliwa kutoka nje kwa sarafu, kwa ajili ya mtoto atakayejifungia.

Kabla ya kulipa, pima umbali kutoka ukingo wa mlango hadi katikati ya tundu la mkono, unene wa mlango, na, ikiwa bamba ni refu, umbali kati ya tundu la mkono na tundu la ufunguo.

Utunzaji hauhitaji zaidi ya kitambaa laini, maji na sabuni kidogo. Epuka dawa zenye klorini, ambazo hutoboa chuma cha pua kwa vidoa vidogo, na usitumie steelwire, kwa kuwa chembe zake hubaki juu ya mkono na kushika kutu. Mara moja au mbili kwa mwaka kaza bolti pamoja na parafujo ndogo iliyo shingoni mwa mkono. Mkono ukianza kuwa mgumu, chunguza bawaba kwanza: mlango ulioshuka huufanya ulimi wa kitasa ugongane na fremu, na kila anayefungua hulazimika kutumia nguvu ambazo springi haikutengenezwa kuzibeba.