Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kutengeneza Ufunguo wa Gari Nje ya Wakala Rasmi

Magari mengi yanayoshushwa katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa yakiwa yameshatumika Japani hufika na ufunguo mmoja tu, na mwenye gari huendelea nao kwa miaka bila kuufikiria wa pili, mpaka siku ule mmoja unapodondoka kwenye daladala au unapotumbukia majini. Siku hiyo kazi ambayo fundi wa funguo angeimaliza kwa muda mfupi hugeuka kuwa kazi ya kulivuta gari, kufungua deshibodi na pengine kung'oa kompyuta. Kwa hiyo jambo la kwanza, na kwa maoni yangu lenye uzito kuliko yote yanayofuata, ni kutengeneza ufunguo wa akiba wakati ule wa kwanza ungali unawasha gari.

Sababu yake iko katika namna mfumo unavyofanya kazi. Katika magari mengi, ndani ya kichwa cha plastiki cha ufunguo mna chipu ndogo isiyohitaji betri. Ukiuingiza ufunguo kwenye swichi, koili iliyozunguka swichi hiyo huipa chipu umeme kwa njia ya mawimbi, chipu hujitambulisha, na kompyuta ya gari hulinganisha jibu hilo na orodha ya funguo inazozijua. Jibu likikosekana au likiwa geni, injini hunyimwa mafuta au moto. Huo ndio mfumo unaoitwa immobilaiza. Ufunguo ambao gari linautambua hutumika kama idhini ya kuongeza mwingine. Ufunguo huo usipokuwepo, mashine ya fundi haina budi kulifutia gari kumbukumbu zake zote za funguo na kuanza upya, na katika Toyota nyingi ufutaji huo peke yake humtaka fundi asubiri dakika 16 gari likiwa limewashwa swichi, bila kugusa chochote.

Wengi hutoka nje ya wakala rasmi kwa sababu ya gharama, lakini ipo sababu nyingine isiyotajwa sana. Gari lililotengenezwa kwa soko la ndani la Japani halina namba ya chasisi ya tarakimu na herufi 17 kama yalivyo magari ya Ulaya na Marekani. Lina alama za modeli, kistari, kisha tarakimu, kwa mfano zile zinazoanza na NZE121. Mfumo wowote, hata wa wakala, unaotafuta taarifa za ufunguo kwa namba ya herufi na tarakimu 17 hautalipata gari hilo. Fundi wa mtaani naye hukutana na jambo hilohilo: mashine yake haitalitambua gari kwa namba, bali atalazimika kuchagua mwenyewe modeli, mwaka na aina ya mfumo. Ndiyo maana inafaa uende ukiwa na taarifa hizo mkononi. Picha ya kibao cha modeli kilichobandikwa kwenye nguzo ya mlango au ndani ya boneti humsaidia kuliko maelezo kwamba gari ni Vitz ya rangi ya fedha.

Kabla ya kumtafuta fundi, ujue una ufunguo wa aina gani. Upo ufunguo wa chuma mtupu usio na chipu. Upo wenye chipu bila vitufe, upo wenye chipu na rimoti katika kichwa kimoja, na upo ule wa kukaa nao mfukoni ukabonyeza kitufe cha kuwashia, ambao watu huuita smati kii. Katika nchi za Umoja wa Ulaya magari mapya yalilazimishwa kuwa na immobilaiza kuanzia Oktoba 1998, lakini Japani haikuweka sharti kama hilo, na kwa hiyo magari mawili ya modeli moja na mwaka mmoja kutoka huko yanaweza kutofautiana: la daraja la juu lina chipu, la kazi za kubeba mizigo halina. Usikubali kulipia chipu ambayo gari halihitaji, wala usichongeshe ufunguo mtupu kwa gari linalohitaji chipu, kwa kuwa utafungua mlango, starta itazungusha injini, na gari halitawaka.

Jaribio rahisi ni kukifunga kichwa cha ufunguo kwa karatasi ya alumini ya jikoni, tabaka kadhaa, kisha kujaribu kuwasha. Injini ikikataa au ikiwaka na kuzima mara moja, na ikawaka vizuri baada ya kuitoa karatasi hiyo, chipu ipo. Dalili nyingine ni taa ndogo nyekundu kwenye deshibodi inayomweka ukiwa umeshauchomoa ufunguo. Kisha angalia shingo ya ufunguo, pale chuma kinapoingia kwenye plastiki. Katika funguo nyingi za Toyota utakuta imegongwa herufi G au H ndogo, nayo hueleza kizazi cha chipu iliyomo. Kukosekana kwa herufi hakumaanishi kukosekana kwa chipu, kwa sababu vizazi vya awali havikuwa na alama hizo. Fundi mwenye vifaa ataiweka chipu kwenye kisomeo chake na kukwambia aina yake kabla ya kukutajia bei. Anayetaja bei bila kuisoma anakisia.

Upande wa chuma hudharauliwa, na ndio unaoleta malalamiko mengi zaidi baadaye. Ufunguo uliotumika miaka 15 umelika, na mashine ya kunakili hunakili hata kulika kwake. Nakala ya nakala hugoma mlangoni kwanza, kisha kwenye swichi, na mwenye gari hudhani kitasa kimeharibika. Kama gari lilikuja na kile kibao kidogo cha bati chenye tarakimu, ambacho watu wengi hukitupa wakidhani ni lebo, kitafute kwanza, kwani hizo ndizo namba za mchongo. Katika Toyota huwa tarakimu tano, na fundi mwenye mashine ya kuchonga kwa namba atakutolea chuma kilekile kilichotoka kiwandani, hata kama ufunguo ulio nao umekwisha kulika. Kibao kisipopatikana, kwa wenye smati kii chomoa ule ufunguo wa dharura uliojificha ndani ya rimoti uukague, kwani wakati mwingine namba hugongwa hapo. Zaidi ya hayo, chuma hicho kwa kawaida hakijatumika sana, kwa hiyo ni kielelezo kizuri cha kunakili. Chuma kipya kijaribiwe katika milango yote, buti na swichi kabla ya hatua yoyote ya kompyuta. Kikigoma, kirudishwe mashineni hapo hapo.

Kuhusu rimoti, lazima ieleweke kwamba chipu ya kuwasha na vitufe vya kufungulia milango ni mambo mawili tofauti hata vinapokaa katika kichwa kimoja, na kila kimoja huandikishwa kivyake. Rimoti za magari ya soko la Japani hutumia masafa ya takriban megahezi 312 hadi 315, ilhali za Ulaya hutumia 433. Kwa macho zinafanana kabisa. Anayeagiza rimoti mtandaoni kwa kuangalia picha anaweza kupokea ambayo gari lake halitaisikia hata fundi afanye nini. Masafa huandikwa nyuma ya kifuniko au juu ya bodi ya ndani, hivyo ifungue ya kwako usome kabla ya kununua. Vilevile smati kii iliyowahi kuandikishwa katika gari jingine huwa imefungwa kwa gari lile, na haitakubali gari jipya mpaka ifunguliwe kwa kifaa maalumu; kwa sababu hiyo ile inayouzwa kwa bei ya chini kutoka gari lililochinjwa inaweza kukugharimu zaidi ya mpya. Na kabla ya yote hayo, badilisha betri ya rimoti. Wapo wanaolipia ufunguo mpya wakati tatizo lilikuwa kibetri cha CR2032 au CR1632 kilichokwisha nguvu.

Swali ambalo wateja wachache humuuliza fundi, nalo ni la msingi, ni hili: unanakili chipu au unaandikisha ufunguo mpya? Kunakili ni kuchukua utambulisho wa chipu iliyopo na kuuandika kwenye chipu nyingine, kwa hiyo gari huziona funguo mbili kama ufunguo mmoja. Ni kazi ya haraka, haigusi kompyuta ya gari, na kwa magari ya zamani yanayokataa kuongezewa ufunguo ndiyo njia salama zaidi. Udhaifu wake hujitokeza ufunguo mmoja ukiibwa, kwani huwezi kumfungia mwizi bila kuufungia na ule ulio nao. Kuandikisha huupa ufunguo mpya utambulisho wake katika kumbukumbu ya gari, na siku ukipotea unaweza kufutwa. Mimi ningechagua kuandikisha kila inapowezekana, hasa kwa gari linalolala nje.

Hali ni ngumu zaidi pale funguo zote zilipopotea kwenye Toyota za miaka ya mwisho ya 1990 na mwanzoni mwa 2000. Baadhi yake zilikuja na ufunguo mkuu na ufunguo mdogo wa kumpa mwegesha gari, na ni ule mkuu tu unaoruhusu kuongeza mwingine. Ukipotea, mara nyingi fundi hulazimika kuitoa kompyuta ya injini au boksi la immobilaiza, kuing'oa chipu ya kumbukumbu kwenye bodi kwa kifaa cha kuyeyusha risasi ya kulehemia, kuisoma na kuiandika upya. Kazi hiyo inafanyika na mafundi wazuri huifanya kila siku, lakini kosa dogo la joto huua kompyuta nzima. Hivyo basi umwombe fundi mambo mawili kabla hajafungua skrubu ya kwanza: ahifadhi nakala ya data ya asili kabla ya kubadilisha chochote, na mkubaliane kwa maandishi nani atalipia kompyuta ikiharibika. Fundi mzoefu hataudhika kwa maswali hayo.

Uende na nyaraka. Tanzania utahitaji kadi ya gari na kitambulisho, na kama ufunguo umepotea au umeibwa, taarifa ya upotevu kutoka polisi. Kenya utabeba logbook, yaani hati ya umiliki wa gari, na abstract ya polisi, yaani taarifa ya upotevu. Gari likiwa bado chini ya mkopo na kadi halisi iko benki, tayarisha nakala pamoja na barua ya benki. Fundi anayekutengenezea ufunguo bila kukuomba hata karatasi moja atamtengenezea pia mtu aliyeegesha gari lako nyumbani kwake, na hiyo ni sababu tosha ya kumwacha.

Gari lenyewe pia liandaliwe. Betri kubwa iwe imejaa, na ikiwezekana chaja iwe imeunganishwa kazi inapoendelea, kwa kuwa umeme ukishuka katikati ya uandishi kompyuta inaweza kubaki na data nusu. Mweleze fundi kuhusu alamu, kifaa cha kufuatilia gari au swichi ya siri iliyofungwa hapa nchini, kwa sababu kifaa kama hicho kinaweza kulizuia gari kuwaka hata ufunguo ukiwa sahihi, na saa nzima ikapotea katika kulitafuta kosa mahali lisipokuwepo. Beba funguo zote ulizo nazo. Katika njia nyingi za uandikishaji, ufunguo usiokuwepo wakati kumbukumbu inafutwa hautatambulika tena, hata kama ulikuwa halali na mwenzi wako ameondoka nao kazini.

Bei iulizwe kwa vipande: kuchonga chuma, chipu, ganda la plastiki, rimoti, kuandikisha, na usafiri kama fundi anakuja nyumbani. Bei ya jumla isiyo na mchanganuo huzaa ugomvi pale rimoti inapokataa wakati injini inawaka. Kazi ifanyike mbele yako, na mwambie fundi mapema kwamba hutalipa salio mpaka umejaribu mwenyewe.

Kujaribu nako kuna utaratibu. Ufunguo wa zamani upelekwe mbali na gari, hatua kadhaa nje, wala usibaki mfukoni au kwenye pete moja na mpya, kwa sababu gari linaweza kuusoma wa zamani likakuaminisha kwamba mpya unafanya kazi. Washa, zima, funga milango, subiri mpaka taa nyekundu ianze kumweka, kisha washa tena. Jaribu kila kitufe. Kwa smati kii ondoa kibetri chake, kisha uiguse rimoti kwenye kitufe cha kuwashia huku umekanyaga breki. Katika Toyota utasikia mlio na gari litakubali kuwaka. Jaribio hilo huonyesha kama chipu ya dharura nayo imeandikishwa, jambo ambalo huwezi kuligundua siku kibetri kikiwa kizima.

Mwisho wa kazi mwombe fundi akuonyeshe kwenye skrini idadi ya funguo zilizoandikishwa. Ikiwa unazo mbili na gari linasema tatu, ule wa tatu ni wa mtu mwingine, na unafaa kufutwa siku hiyohiyo. Kwa anayenunua gari kutoka kwa mtu mwingine hapa mjini ukaguzi huu ni wa lazima. Ukumbuke tu kwamba kufuta huzuia injini kuwaka. Chuma cha ufunguo uliopotea bado kitafungua mlango, na asiyetaka hilo hana budi kubadilisha vitasa. Kibao cha namba za mchongo kiwekwe pamoja na kadi ya gari nyumbani, namba hizo zisipigwe picha na kutumwa kwenye makundi ya WhatsApp, na ufunguo wa akiba usiwekwe ndani ya gari lenyewe.