Kupiga Picha Kwenye Mchanga Mweupe wa Paje

Anayepiga picha kwenye fukwe za Paje au Jambiani, Zanzibar, kwa mara ya kwanza hushangaa akifika nyumbani na kukuta mchanga uliokuwa ukimuumiza macho umetoka kijivu kama majivu, na uso wa mtu umekuwa kivuli kitupu. Kamera yake si mbovu. Kipimamwanga kilichomo ndani yake kimeundwa kwa kudhani kwamba mandhari yote, ikichanganywa pamoja, ni ya kijivu cha wastani. Kikikutana na weupe mtupu hudhani mwanga umezidi, kikaupunguza. Wapigapicha wa nchi za theluji husumbuliwa na jambo hilo hilo.

Dawa yake ni kuiongezea picha mwanga kwa makusudi. Tafuta kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa, anza na +1, piga, kisha tazama. Mchanga ukiwa bado umefifia, panda hadi +1.5 au hata +2, ukikumbuka kwamba kila hatua moja huzidisha mwanga mara mbili. Mwenye simu aguse uso wa mtu kwenye kioo, kisha apandishe alama ya jua kama uso bado una giza. Kioo hudanganya juani, kwa hiyo itegemee zaidi grafu ya mwanga ya kamera (histogramu): mlima wake usogee kulia bila kugota ukingoni, maana mchanga ukishaungua kwa mwanga na kuwa weupe mtupu, alama za nyayo hazirudi tena.

Ushauri wa kupiga alfajiri na jioni ni mzuri, lakini haumfai anayewafuata akina mama wanaolima mwani, kilimo kilichoanza hapa mwaka 1989. Wao hufanya kazi maji yakipwa, na wakati wa bamvua (siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida) maji hupwa sana mnamo saa 4 au saa 5 asubuhi, na jua limeshapanda. Hapo mchanga wenyewe ndio taa yako. Omba ruhusa kwanza: "Shikamoo bibi, naomba nikupige picha." Akikubali, chuchumaa upande ambao jua liko mgongoni mwake, usubiri ainue kichwa kidogo kutoka kwenye kamba ya mwani, mwanga unaoruka kutoka chini utamwangaza kidevu na mashavu, na utaona vidole vikikaza taitai (vikamba vya kufungia mwani) na chumvi iliyokaukia kwenye pindo la kanga. Kwangu mimi, picha hiyo inashinda machweo yote ya pwani.

Kamera iliyolala kwenye chumba chenye kiyoyozi hupata ukungu kwenye lenzi ikitolewa nje, kama inavyowapata wanaotoka kwenye theluji wakaingia nyumba yenye joto. Iache ndani ya mfuko uliofungwa kwa nusu saa kabla ya kuitumia. Upepo wa kusi ukivuma, usibadilishe lenzi ufukweni, na chembe za mchanga zipulizie kwa kipulizio cha mpira kabla ya kugusisha kitambaa chochote kwenye kioo cha lenzi.