Taa za Mbele Zinakatika? Usibadilishe Rilei Kabla ya Kukagua Soketi Yake

Kwenye magari ya spoti ya zamani, rilei ya taa (swichi ndogo inayoendeshwa kwa umeme) ikifa, wengi huchomoa ile mbovu, huchomeka mpya na kuondoka. Miezi michache baadaye giza linarudi, kwa sababu kilichoiunguza ya kwanza bado kipo: soketi iliyolegea. Nimeziona nyingi mno za namna hiyo, na taa kukatika kwenye kona usiku si jambo la kubahatisha.

Hatua ya 1: Sikiliza. Mwenzako awashe taa, nawe uweke kidole juu ya rilei. Ikigonga "tik" lakini taa haziwaki, koili (waya uliozungushwa ndani, unaoivuta swichi) ni nzima. Tafuta upande wa umeme mkubwa, ule unaolisha taa. Isipogonga, shuku koili, swichi au ethi (muungano wa kurudisha umeme kwenye bodi ya gari). Kama taa za gari lako huinuka na kulala, mota zake zina mfumo wake wa umeme. Weka vidole mbali nazo. Na usipoiona rilei kabisa, huenda haipo: MGB, gari la spoti la Uingereza, kwa mfano, ilipitisha umeme wote wa taa kwenye swichi.

Hatua ya 2: Soma miguu. Zima taa, chomoa rilei, igeuze. Namba 30 ni moto, yaani umeme, kutoka betri, 87 inakwenda kwenye taa, 85 na 86 ni za koili. Ukikuta 87a, huo mguu huwa na moto rilei ikiwa imelala, yaani haijawashwa. Ukiuunganisha na taa, zitawaka hata umezima swichi.

Hatua ya 3: Pima kwenye soketi. Tundu la 30 liwe na volti sawa na betri. Kisha washa taa na upime kati ya 85 na 86. Hapo pia zisome takriban 12. Zikikosekana, rilei haina kosa, rudi kwenye swichi au ethi. Zikiwepo zote, unganisha 30 na 87 kwa waya mnene wenye fyuzi. Taa zikiwaka, mbovu ni rilei.

Koili ya rilei ya volti 12 kwa kawaida husoma kati ya omu 70 na 100. Lakini mita ya omu haiwezi kukuambia kama pointi, yaani vichuma vya ndani vinavyogusana kupitisha umeme, zinabeba mzigo. Balbu mbili za wati 55 huvuta karibu ampea 9, na pointi zilizoungua hujificha hadi mzigo huo upite ndani yake. Kwa hiyo rudisha rilei, kisha pima volti kati ya 30 na 87 taa zikiwa zinawaka. Ukisoma zaidi ya 0.2, pointi zimechoka.

Hatua ya 4: Soketi. Hapa usiharakishe. Toa waya hasi wa betri kwanza. Tafuta plastiki iliyogeuka kahawia, terminali iliyopoteza mng'ao, waya uliokakamaa. Muungano uliolegea huzaa joto, joto hulegeza chuma zaidi, na hatimaye plastiki inayeyuka. Terminali ya namna hiyo usiibane kwa koleo ukairudisha. Kata waya hadi penye shaba safi, funga terminali mpya.

Hatua ya 5: Rilei yenyewe. Kama inapatikana, nunua mpya: volti 12, ampea zisipungue zile za awali, mpangilio wa miguu uleule. Angalia mchoro ubavuni. Kukiwa na diodi (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu) ndani, 85 na 86 hazibadilishani nafasi. Ukikosea, fyuzi inakatika au diodi inaungua.

Kama haitengenezwi tena, fungua kifuniko taratibu. Mara nyingi utaona lehemu imepasuka duara kuzunguka mguu. Iyeyushe upya na kuongeza kidogo. Pointi nyeusi zipitishie msasa laini sana, kisha zifute kwa spiriti. Usizikwangue hadi tabaka la juu liishe, zitaungua haraka.

Hatua ya 6: Hakikisha. Rudisha betri, washa injini na taa. Pima volti kwenye betri, kisha kwenye balbu. Tofauti ikizidi 0.5, bado kuna muungano mbovu njiani, upande wa ethi pia. Baada ya dakika kumi gusa rilei: uvuguvugu ni kawaida, lakini ikikuchoma, rudi hatua ya 4.